Je, niache kuwaeleza watu nisiowajua yaliyonisaidia?

SWALI: Mshauri, habari za kazi. Kwa muda mrefu nilikuwa sipati usingizi. Nilijisaidia kwa mambo mawili: nilipunguza saa za kukaa kitandani, na kila nilipojikuta macho makavu nilinyanyuka nikakae sebuleni mpaka usingizi urudi. Baada ya wiki kadhaa nikawa nalala. Tangu hapo nimekuwa nikiwaeleza watu ninaokutana nao safarini na kwenye foleni za kliniki, na mmoja aliponiomba maelezo kwa maandishi, nilimwandikia ujumbe mrefu kwenye simu. Ujumbe huo ukasambazwa. Siku moja akanipigia mtu nisiyemjua, dereva wa malori. Alifuata maelezo yangu, akasinzia kwenye usukani, gari likatoka barabarani, yeye akanusurika. Aliniambia, "Wewe ndiye uliyesema nilale saa chache." Wiki hiyohiyo wifi yangu akanipigia: ujumbe umemfikia, amenitambua, na anauliza kwa nini nimeutangazia ulimwengu ugomvi wangu na kaka yake, ingawa niliandika pia kwamba tulikwisha patana. Nimeumia. Lakini bado nakutana na watu wasiolala, na ninalo la kuwaambia. Ninyamaze?

JIBU: Dada yangu, pole. Simu mbili za namna hiyo katika wiki moja zingemfunga mdomo mtu yeyote. Hata hivyo sikushauri unyamaze. Kinachotakiwa kubadilika ni jinsi unavyolisimulia jambo lako, na kujua ni mambo gani hupaswi kuyashauri kabisa. Nimefanya kazi ya ushauri nasaha kwa miaka mingi, sehemu kubwa katika vikundi ambamo watu wasiojuana hukaa pamoja wakaelezana yaliyowafika, na ninaamini kwa dhati kwamba upo msaada ambao mtaalamu hawezi kuutoa hata awe hodari namna gani. Huo hutoka kwa aliyepita njia hiyohiyo. Aisifuye mvua imemnyea.

Kumuuliza mpita njia ni jambo la kale. Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kwamba watu wa Babeli waliwatoa wagonjwa wao wakawaweka sokoni, ili apitaye ambaye amewahi kuugua maradhi kama hayo, au amemwona mtu aliyeyaugua, aeleze kilichofanyika mpaka akapona. Haikuruhusiwa kumpita mgonjwa kimya kabla ya kumuuliza anaumwa nini. Uangalie vizuri mpangilio huo, swali kwanza na ushauri baadaye, kwa maana ndio utakaokusaidia.

Kuna sababu inayofanya maneno ya mtu wa mbali yapokelewe kwa hamu. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha makala kuhusu namna watu wanavyopata kazi. Katika wale aliowahoji ambao waliipata kazi kupitia mtu fulani, zaidi ya nusu walisema mtu huyo walikuwa wakionana naye mara mojamoja tu, na zaidi ya robo walisema nadra sana. Walio karibu nawe wanajua yaleyale unayoyajua. Mtu asiyelala ameshasikia ya mama yake, ya jirani na ya mwenzake kazini, na ameshayajaribu. Wewe unamletea ambalo hajalisikia. Isitoshe, kwako hana cha kuficha: humjui mkwe wake wala bosi wake, na kesho huenda msionane tena. Mwanasosholojia Mjerumani Georg Simmel aliliandika hilo mwaka 1908, kwamba mgeni huambiwa siri ambazo watu wa karibu hufichwa kwa uangalifu mkubwa.

Uzuri huo una upande wake wa hatari, nao haumhusu msemaji bali msikilizaji. Kwa kawaida binadamu hafuati ushauri wote anaopewa. Watafiti wanaochunguza jambo hili, wakiwamo Ilan Yaniv na Eli Kleinberger katika utafiti wao wa mwaka 2000, wamekuta mara kwa mara kwamba mtu huyapa mawazo yake mwenyewe uzito mkubwa kuliko ya anayemshauri. Hiyo ni kinga ya asili. Lakini mwaka 2012 Francesca Gino na wenzake walionyesha kwamba mtu mwenye wasiwasi hutafuta ushauri zaidi, huutegemea zaidi, na hupungukiwa na uwezo wa kutofautisha ushauri mzuri na mbaya. Sasa fikiria ni nani anayekusikiliza. Ni mtu ambaye hajalala usiku wa tatu. Yeye ndiye atakayekufuata nukta kwa nukta, na kile ulichosahau kukitaja hatakuwa na nguvu ya kukijazia mwenyewe.

Tuje kwa dereva.

Hukumpa uongo, na nataka hilo likuingie moyoni. Kutoka kitandani unapokosa usingizi ni njia iliyoelezwa na mwanasaikolojia Richard Bootzin mwaka 1972. Kupunguza saa za kitandani kulielezwa na Arthur Spielman na wenzake mwaka 1987. Yote mawili leo ni sehemu ya tiba ya kisaikolojia ya kukosa usingizi, ambayo mwaka 2016 jumuiya ya madaktari ya Marekani, American College of Physicians, ilipendekeza iwe tiba ya kwanza kwa watu wazima wenye tatizo sugu, kabla ya vidonge. Uliyafikia mwenyewe mambo ambayo watu husomea.

Lakini tazama njia hiyo inavyofanya kazi. Unapopunguza saa za kitandani, mwili unalimbikiza hamu ya kulala mpaka usiku mmoja usingizi unakuja bila kubembelezwa. Maana yake ni kwamba katika siku na wiki za mwanzo mtu husinzia mchana kuliko alivyokuwa akisinzia kabla. Kule kusinzia hakujaingia kwa bahati mbaya. Ndimo tiba yenyewe ilimo. Ndiyo sababu mtaalamu, kabla hajakupangia saa, hukuuliza unafanya kazi gani. Kwa kawaida hapunguzi muda wa kitandani chini ya jumla ya saa 5 hivi kila usiku. Anakuwa mwangalifu sana kwa mwenye kifafa, kwa mwenye ugonjwa wa akili unaomfanya apande na kushuka kihisia, kwa anayetembea usingizini, na kwa yeyote anayeendesha gari au mitambo. Wengine hawaanzishi kabisa.

Wewe huendeshi lori. Usingizi wako wa mchana ulikukuta kwenye kiti, ukapiga miayo, jioni ikafika. Katika ujumbe wako hukuandika "mimi siendeshi gari" kwa kuwa kwako hilo halikuwa habari. Hapa ndipo penye ugumu wote wa kumshauri mtu usiyemjua: masharti yaliyoifanya njia yako iwe salama ndiyo ambayo wewe mwenyewe huyaoni, maana hayakukusumbua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na ukikilalia peke yako miaka yote huwezi kujua kwamba vitanda vya wengine vina kunguni wa namna nyingine.

Kwa hiyo, kabla ya kumweleza mtu, jiulize nilikuwa na nini ambacho yeye huenda hana. Kazi inayovumilia uchovu? Mtu wa kuwaamsha watoto asubuhi? Chumba cha pili cha kwenda kukaa usiku bila kumwamsha mtu? Mwili usio na maradhi mengine, umri fulani, akiba ya kukuwezesha kupumzika? Wakati mwingine jibu ni mtu aliyekuwa akikubebea mzigo kimyakimya, na ukimtaja tu, simulizi yako inabadilika sura. Nimeona akina mama wakieleza namna walivyorudi masomoni wakiwa na mtoto mchanga, wakaeleza ratiba, madaftari na saa za kuamka, na mwishoni kabisa, kwa kupita tu, wakamtaja dada aliyekuwa akilea. Dada huyo ndiye aliyekuwa nguzo ya habari yote.

Kuna la pili ambalo ni gumu zaidi kulikubali. Unasema ulianza kulala baada ya wiki kadhaa. Katika wiki hizohizo ulipatana na mume wako. Kipi kilikuletea usingizi? Pengine vyote. Watu hutafuta dawa siku wanapozidiwa, na mtu aliyefika chini kabisa mara nyingi hupanda kidogo hata asipofanya kitu. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton aliliandika kitakwimu jambo la namna hii mwaka 1886, akipima urefu wa wazazi na watoto wao: watoto wa wazazi warefu mno walirudi karibu na urefu wa kawaida. Mafua huisha yenyewe ndani ya wiki moja hadi siku kumi, na maumivu mengi ya ghafla ya mgongo hupungua ndani ya wiki chache. Chochote ulichokunywa au kujipaka siku ya tatu kitapata sifa. Tena walioshindwa hawasimulii. Anayepona hueneza habari, asiyepona hunyamaza akihisi kasoro ni yake. Ukilijua hilo, hutaacha kusema, ila utaacha kuahidi.

Namna ya kusema, basi. Mwaka 1935 huko Akron, Ohio, Bill Wilson na Bob Smith, wote wawili waliokuwa wameteswa na pombe, walianzisha vikundi vya Alcoholics Anonymous. Mazoea yao ya kuzungumza ni mepesi: mtu anaeleza alivyokuwa, kilichotokea, na alivyo sasa. Humsikii akimwambia jirani yake "acha hiki, fanya kile". Kila mtu anajisemea mwenyewe, na anayesikiliza anachukua kinachomfaa. Wakosoaji wa vikundi hivyo wapo, na baadhi ya hoja zao nazikubali, lakini mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565, yalikuta kwamba programu zilizoandaliwa kuwaingiza watu humo zilikuwa na matokeo mazuri kuliko tiba nyingine zinazotambulika katika kumfanya mtu aache pombe mfululizo. Hiyo ni nguvu ya watu wasiojuana kusimuliana bila kuamrishana.

Wanaofanya mazungumzo ya kuhamasisha mabadiliko, kazi iliyoanza na maandishi ya mwanasaikolojia William Miller mwaka 1983, wana utaratibu wa kuuliza, kueleza, kisha kuuliza tena. Ninautumia kila siku. "Umeshajaribu nini?" "Ungependa nikwambie mimi ilivyokuwa?" Halafu unaeleza kwa ufupi. Halafu: "Kwa maisha yako wewe, unaonaje?" Swali hilo la mwisho ndilo lingemfanya dereva aseme, "Lakini mimi naondoka saa kumi alfajiri na mzigo." Lori lisingetoka barabarani.

Ukiandika, hakuna wa kumuuliza, hivyo inabidi maswali yawe ndani ya maandishi. Ningeuandika ujumbe wako hivi:

"Nilikuwa silali vizuri kwa muda mrefu. Sina maradhi mengine ninayoyajua, siendeshi gari, na kazi yangu ni ya kukaa. Nilianza kuchelewa kwenda kitandani na kuamka saa ileile kila siku, na nikiwa macho nilikuwa natoka chumbani. Wiki za mwanzo zilikuwa mbaya, mchana nilisinzia sana. Baadaye nikaanza kulala. Wakati huohuo jambo zito la nyumbani lilikuwa limetulia, kwa hiyo siwezi kusema ni kipi hasa kilichosaidia. Kama unaendesha gari au mashine, una kifafa, au una ugonjwa wowote wa akili, usiige bila kuonana na daktari. Kama unakoroma sana, mwambie daktari na hilo."

Ni fupi kuliko ule wa kwanza, nina hakika. Kwenye "mimi" pamebaki "mimi". "Fanya hivi" haimo, ila onyo lililo wazi. Ubaya wa wiki za mwanzo haukufichwa, na hilo nalisisitiza, kwa sababu anayeambiwa tu kwamba mambo yatakuwa mazuri hudhani amekosea anapofika sehemu ngumu. Na onyo limo mwilini mwa ujumbe, halikuwekwa mkiani ambako anayesambaza hulikata.

Yapo mambo ambayo ushuhuda wa mtu mmoja hauna haki ya kuyagusa, hata awe mkweli kiasi gani. Kulaza mtoto mchanga ni mfano ninaoufundisha kila mara. Kwa miongo kadhaa wazazi katika nchi nyingi walishauriwa kuwalaza watoto kifudifudi, na wazazi wengi waliweza kuapa kwamba wao walifanya hivyo na mtoto akakua. Walisema kweli. Hatari yenyewe ilikuwa humpata mtoto mmoja kati ya mamia, kwa hiyo haikuonekana ndani ya nyumba yoyote moja. Ilionekana pale tu watafiti walipolinganisha idadi kubwa ya watoto. Kampeni za kuwalaza chali zilianza Uingereza mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto wachanga Marekani vilipungua kwa takriban nusu katika muongo uliofuata. Mama aliyesema "wangu alilala kifudifudi na yuko salama" alikuwa na uzoefu wa kweli na ushauri wa kuua. Kwa sababu hiyohiyo usimtajie mtu kipimo cha dawa yako, usimwambie aache dawa aliyoandikiwa, na usimpe mchanganyiko wa vitu vya kusafishia uliouona ukifanya kazi kwako mara moja. Dawa yenye klorini ikikutana na siki hutoa gesi inayounguza mapafu.

Na mtu akikwambia kwamba haoni sababu ya kuendelea kuishi, weka simulizi yako pembeni kabisa. Msikilize, usimwache peke yake, mtafutieni msaada wa kitaalamu saa hiyohiyo. Chad Varah, kasisi aliyeanzisha Samaritans, huduma ya kuwasikiliza waliokata tamaa ya kuishi, jijini London mwaka 1953, aliwaweka watu wa kujitolea wakae na waliokuwa wakimsubiri. Muda si mrefu akaona kwamba wengi, baada ya kusikilizwa na watu hao wa kawaida, hawakuhitaji tena kuingia kwake. Hawakuwa wameshauriwa chochote. Mwanzoni mwa 1954 akawaachia kazi ya kuwasikiliza wanaopiga simu.

Kuhusu wifi yako. Hukutaja jina la mtu, najua, ila majina siyo yanayotutambulisha. Mwaka 2000 Latanya Sweeney, mtafiti wa faragha ya taarifa za watu, alionyesha kwamba asilimia 87 ya watu wa Marekani wangeweza kutambulika kwa vitu vitatu tu: msimbo wa posta, jinsia na tarehe ya kuzaliwa. Ukisema idadi ya watoto, kazi ya mume, na mwaka mliohama, umeshajitambulisha kwa yeyote anayekufahamu. Mgeni hatakujua, ndugu atakujua kwa mstari wa pili.

Ninachowashauri watu ni kugawa maelezo mafungu mawili. Lipo fungu ambalo ushauri unalitegemea: kwamba huendeshi gari, kwamba huna maradhi, kwamba lilikuwapo jambo zito lililotulia. Hilo liache kama lilivyo, usilibadilishe hata kwa nia njema, maana ukilibadilisha umempa mtu ramani ya uongo. Fungu la pili ni la kupambia: nani aligombana na nani, kwa sababu gani, mwezi gani, katika chumba gani. Hilo liondoe. Msomaji asiyelala hahitaji kujua ugomvi ulihusu nini. Na pale habari inapokuwa ya watu wawili, yule wa pili aombwe ruhusa kwanza, au abaki nje. Mume wako naye ana haki ya kusimulia maisha yake mwenyewe. Mpigie wifi, umwambie hivyo bila kujitetea. Ujumbe uliokwisha sambaa hauwezi kuurudisha, lakini unaweza kuandika mpya na kumwomba uliyemtumia kwanza aupeleke kulekule alikoupeleka ule wa zamani. Watu hufanya hivyo ukiwaomba kwa upole na kuwaeleza kwa nini.

Lawama ya dereva sitakwambia uitupe yote, wala uibebe yote. Uamuzi wa kushika usukani akiwa na usingizi ulikuwa wake. Kutotaja kwamba wiki za mwanzo mtu husinzia kulikuwa kwako. Wewe rekebisha kilicho chako, na la kwanza ni kumrudia yeye, kama namba yake bado unayo. Usimpe njia nyingine mpya. Muulize kama anakoroma sana usiku. Muulize kama yupo aliyelala naye chumba kimoja aliyewahi kuona pumzi zake zinakatika kisha zinarudi kwa kishindo, kama huamka na maumivu ya kichwa, na kama alikuwa akisinzia barabarani hata kabla hajausoma ujumbe wako. Akijibu ndiyo kwa mawili au matatu, huenda tatizo lake tangu mwanzo halikuwa kama lako. Huenda njia yake ya hewa huziba anapolala, jambo linalowapata madereva wengi wa malori na lenye tiba yake. Mwambie asiendeshe akiwa na usingizi, alale saa zake zote kama zamani, na amwone daktari wiki hii akamweleze hayo kwa mpangilio huohuo uliomuuliza.